Dakika Tatu za Kuutetea Mto

Wiki mbili kabla ya kikao, papa, yaani baba yangu, alianza kunihoji. Nikirudi kutoka kazini, kabla sijavua hata viatu, namkuta kwenye meza ya jikoni, miwani puani, na mbele yake ile bahasha ya plastiki yenye karatasi zetu zote za ukimbizi.

"Bon," anasema. "Tulivuka ziwa mwaka gani?"

"Papa, kikao ni ya samaki."

"Najua ni ya samaki. Tulivuka mwaka gani? Tulikuwa batu wangapi mu mutumbwi?"

Basi najibu nimesimama, mkoba begani. Maswali hayo nimeyajibu tangu nina miaka tisa, na majibu yanatoka yenyewe hata nikiwa nimechoka.

Waliokaa kambini watanielewa bila maelezo, lakini wengine niwaeleze. Kule Tanzania, kabla ya kupelekwa nchi ya tatu, ulihojiwa. Ukishahojiwa ulingoja mwaka, ukahojiwa tena na mtu mwingine, maswali yale yale. Ukisema leo kwamba ndugu yako aliuawa Jumanne, na mwakani ukasema Jumatano, faili lako, dossier kwa lugha ya papa, lilirudi chini ya rundo na hakuna aliyekwambia kwa nini. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa papa alituketisha mkekani, mimi na mdogo wangu na mama, akatuuliza mmoja mmoja. Mama alijibu zamu yake huku akichagua mawe kwenye maharage. Mara nyingine alikosea kwa makusudi ili tucheke, na papa alikasirika kweli kweli. Tulivikariri vifo vya jamaa zetu kama watoto wengine wanavyokariri hesabu za kuzidisha.

Ndiyo maana, Wamarekani walipomwambia papa kwamba atasimama mbele ya viongozi aeleze habari za mto, yeye alijua namna moja tu ya kuifanya kazi hiyo.

Niseme kwanza jinsi papa alivyoingia kwenye habari za mto. Kila Mmarekani akisikia tumetoka kando ya ziwa Tanganyika anadhani papa alizaliwa na ndoano mkononi. Papa alikuwa fundi cherehani. Samaki alimjua kwenye sahani.

Marekani tulifikia Louisville kwanza. Papa na mimi tulifunga maboksi kwenye ghala moja, zamu tofauti. Mwaka wa tatu mama akaanza kuugua, akafia hospitali ya hapo asubuhi moja nikiwa kazini. Mdogo wangu alikuwa ameshaenda Columbus kusoma chuo. Mimi nikapata kazi Amherst, nje kidogo ya Buffalo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikamchukua papa tukahamia huko. Nilidhani mji mpya utamtoa msibani. Mimi ni mtu wa kudhani mambo.

Haukumtoa. Alikaa dirishani amevaa koti, asubuhi mpaka jioni, mwezi baada ya mwezi. Akisema kitu, alimwambia mama: chai iko wapi, mbona hujafunga ule mlango. Jioni aliingia bafuni, akafungua bomba maji yatiririke, akalia. Alidhani maji yanamficha. Nami nilikuwa nasimama nje ya mlango na taulo mikononi, sijui niingie au niondoke, mwisho naondoka.

Kazini kulikuwa na mama mmoja Mmarekani ambaye akili yake ilikuwa imeshampotea; mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha. Mumewe alikuwa mzee wa Lackawanna, aliyefanya kazi ujana wake wote kwenye kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa. Alikuja kila mchana kumchana mkewe nywele. Siku moja akaniuliza kwa nini uso wangu umenyauka hivi. Nikamweleza habari za papa, zaidi ya nilivyokusudia. Akaendelea kuchana nywele, kisha akasema, "Jumamosi naenda kwenye samoni. Mlete."

Samoni hao ni samaki wakubwa wa ziwa Ontario. Majani yanapoanza kuanguka wanaliacha ziwa, wanapanda vijito kwenda kutaga, na wakishataga wanakufa. Kijito cha mzee kilikuwa mwendo wa karibu saa moja kwa gari kutoka kwetu, chini ya bwawa, pembeni ya mji mdogo sana. Jumamosi ile nilimsukuma papa garini mwa mzee nusura nimvunje mkono.

Alirudi mchana amelowa mpaka kiunoni, koti limejaa tope, akasema ana njaa.

"Leo nilipigana na kitu," aliniambia, akila. "Kilinishinda. Samedi nitarudia." Jumamosi, alimaanisha.

Siku ile nilisonga bugali mara mbili. Alipomaliza sahani ya pili nikaingia bafuni mimi, nikafungua bomba, zamu ya kulia ikawa yangu.

Wakawa marafiki wa ajabu, wale wawili. Mzee hakuwa na neno la Kiswahili, na Kiingereza cha papa kilikuwa namba, maneno ya ghalani na majina ya miji. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, hawezi tena kufunga ndoano, basi papa alifunga za wote wawili kwa vidole vyake vya fundi. Waligombana jambo moja tu. Mzee akimvua samaki alimtoa ndoano taratibu, akamshikilia majini mpaka apate nguvu, akamwacha aende. Papa aliona ni wazimu. "Anamusumbua samaki, anamuomba pardon, anamurudisha," alisema. "Sasa alimuita ya nini?" Wake yeye aliwaleta nyumbani, akawagawia watu wa kanisani.

Ndipo kiangazi kilichofuata, mwaka 2015, tukakuta kibao kimepigiliwa kwenye njia ya kushukia mtoni. Mji ule mdogo ulikuwa unataka kupitisha sheria: wakazi wake tu ndio wataruhusiwa kuegesha magari na kushuka. Wengine wote marufuku.

Nisiwaonee, sababu walikuwa nazo. Walikuwapo watu wanaonasa samaki ubavuni kwa ndoano kubwa, wanamtoa mayai, mzoga wanautupa kando unuke mpaka kwenye nyumba za watu. Kwetu tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na halmashauri ya mji ule ilikuwa inasema hivyo hivyo bila kujua Kiswahili.

Nilimpigia mdogo wangu Columbus. Alikuwa amepanga chumba karibu na chuo kikuu, na alikuwa anasoma kila kitu isipokuwa alichotakiwa kusoma. Baada ya siku mbili alinirudia na sheria yote kichwani. Maji ni ya wote, alisema, na samaki ni wa wote, tena serikali ya jimbo ndiyo inayowazalisha na kuwaachia majini kwa pesa ya leseni za uvuvi ambazo papa naye ananunua. Lakini ukingo una mwenyewe. Huwezi kumfikia samaki wako bila kukanyaga udongo wa mtu, na pale udongo ni wa mji. Akaandika ukurasa mzima kwa Kiingereza kizuri ili papa ausome, au niusome mimi kwa niaba yake.

Papa aliushika ukurasa kwa ncha za vidole. "Ile ni maneno ya mutu wa Columbus," alisema. "Mimi sikai Columbus."

Mzee alitupeleka kwenye mkutano wa chama cha watu wanaovua kwa burudani. Walikuwa wanaume wengi wenye kofia, na mwanasheria mmoja mwanamke, mwenye subira, aliyewasaidia bure. Alitufundisha namna ya kusema. Kila mtu ana dakika tatu. Sema wewe huvui kwa biashara, unavua kwa burudani. Sema una leseni. Sema unakunywa kahawa na kujaza mafuta kwenye mji wao. Nilimtafsiria papa, naye akainua mkono.

"Burudani ni nini?"

"Ni kufurahi tu, papa. Kupumzisha roho."

"Mimi ni mufiwa. Nitasimama mbele ya batu niseme niko nafurahi?"

Nilitafsiri hivyo hivyo. Mwanasheria alimtazama kidogo, akasema basi papa asimulie habari zake mwenyewe, kama zilivyo. Heri asingesema hivyo.

Papa alichapa kazi. Alizungusha karatasi za kukusanya saini kanisani, akarudi na kurasa tatu zilizojaa, na wale wazee wasiojua kuandika walikuwa wametia dole gumba. Wengi wao hawajawahi kuuona mto ule, lakini walijua papa alikuwaje kabla yake. Jioni akawa ananihoji. Nilimweleza mara tatu kwamba kikao si ma-interview ya kambini, hakuna faili, hakuna atakayelinganisha tarehe.

"Wote banasemaka vile," alijibu. "Kisha banaandika."

Kikao kilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi wa wazima moto, jua bado lipo na joto limejaa ndani. Wajumbe watano walikaa mezani, mwenyekiti mwanamke katikati. Mbele yao kulikuwa na kisanduku cha taa: kijani unasema, njano unamalizia, nyekundu unakaa. Papa alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Mzee wa Lackawanna alisema kabla yetu, maneno manne matano tu, kwamba anazeeka na pale ndipo anapopumua. Kisha wakaita jina la papa.

Tukasimama pamoja kwenye kipaza sauti. Taa ikawaka kijani. Papa akatoa karatasi kwenye bahasha, akazipanga, akaanza.

Alisema jina lake, la baba yake na la babu yake. Nikatafsiri. Alisema alizaliwa Uvira, mtoto wa tatu kati ya saba. Nikatafsiri. Alisema siku waliyochoma mtaa wetu, na nani alikufa ndani, na nani alikufa njiani, na mwezi, na tarehe. Nikatafsiri. Alisema tulivuka ziwa tukiwa watu kumi na mmoja. Mwenyekiti alitazama kisanduku, akamtazama papa, uso umejaa huruma na kuchanganyikiwa. Watu nyuma walianza kusogeza viti. Ninapotafsiri, dakika tatu ni moja na nusu, na papa ndiyo kwanza alikuwa ameshuka Kigoma, anaeleza foleni ya mahindi kambini, sauti imenyooka, bila kuharakisha hata neno moja.

Taa ikawa njano.

Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Hapana, najua, ni haraka na aibu. Niliona mto unamponyoka kwa sababu ya foleni ya mahindi. Nikaacha kutafsiri. Papa akaendelea na Kigoma yake kwa Kiswahili, nami nikasema yangu kwa Kiingereza, juu ya sauti yake. Nikasema mke wake alifia Louisville. Nikasema baada ya hapo alikaa dirishani na koti lake na kumwuliza marehemu chai iko wapi. Nikasema anafungua bomba bafuni ili nisimsikie akilia, na mimi namsikia. Nikasema kitu cha kwanza alichonionyesha kwamba bado anataka kuishi ni njaa, na njaa hiyo aliipata kwenye kijito chao. Nikawaomba wasimfungie.

Papa alikuwa ameiacha Kigoma yake katikati. Alikuwa amesikia neno Louisville.

Katika habari zake Louisville ilikuwa mwisho, karatasi ya chini kabisa. Aliijua mahali pake. Alinitazama, akaelewa kwamba sikuwa pamoja naye tena, na kwamba nilikuwa nimefika huko mbele bila yeye. Taa ikawa nyekundu. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Papa akarudisha karatasi kwenye bahasha moja moja, kwa mpangilio, na tukaenda kukaa.

Papa alisema tulipoingia barabara kuu.

"Ulisema Louisville. Mi nilikuwa sijafika."

"Ndiyo, papa."

"Ulisema nini?"

Nilimwambia yote, neno kwa neno, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonilea. Nilipofika kwenye bomba aligeuza uso kwenye kioo.

"Ile haikuwa mu dossier," alisema.

Nikadhani amemaliza.

"Ndugu zangu niliwapatia. Baba yangu nilimupatia. Kila mufu wangu nilimupatia mutu wa bureau, na tarehe yake, na vile alikufa, mara tano, mara kumi. Mama yako, hapana. Hakuna mutu aliniuliza juu yake. Yeye nilimubakisha."

Nilitamani anipige. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga kwenye kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima. Niliendesha tu, mikono miwili kwenye usukani, mpaka nyumbani.

Baada ya wiki mbili halmashauri ikapiga kura. Njia ikabaki wazi kwa wote, kwa masharti: samaki wasipasuliwe ukingoni, magari yaondoke jua likizama, na chama kisafishe mahali pale kila wiki. Mwanasheria alinipigia simu anacheka na kulia. Mjumbe mmoja, alisema, alibadilisha kura yake kwa ajili ya maneno yangu. Nikakimbia kumwambia papa.

"Merci," alisema, akageukia dirisha.

Samoni wakaja. Jumamosi ya kwanza mzee alipiga honi chini, papa hakushuka. Jumamosi ya pili vilevile. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Kila mutu kule anajua vile ninalia. Nitashika fimbo ya samaki namna gani?" Ndipo nikaona nilichofanya. Mji ule ulikuwa umemwachia papa njia, mimi ndiye niliyemfungia.

Nilipiga magoti jikoni, suruali ya kazini na yote. Nikamwambia, papa unisamehe, niliogopa nitakupoteza. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.

"Simama, mama," alisema. "Sakafu ni baridi. Samedi tutaenda, mimi na wewe."

Tulifika asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji. Samoni walikuwa wanapita kwenye maji ya kina kifupi, migongo nje, wamechubuka. Mzee wa Lackawanna alitupungia mkono kutoka upande wa chini akatuacha peke yetu. Hatukukaa sana, mwanaume mmoja mwenye kofia akaja, akamshika papa mkono kwa mikono miwili, akasema anasikitika sana kwa habari za mke wake. Nikafungua mdomo nijibu. Papa aliweka kiganja juu ya mkono wangu, akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza, asante, asante sana. Yule mtu akaondoka akijifuta macho.

Papa akanipa mgongo, akaanza kufunga ndoano. Alisema bila kunitazama.

"Asubuhi ile mu hospitali, mama yako aliamuka akili iko sawa. Aliniuliza, mutoto alikula mbele ya kwenda ku kazi? Nikamwambia ndiyo, alikula. Lakini mi sikujua. Nililala ku hospitali, nitajua namna gani?" Alikaza fundo kwa meno, akalitazama. "Akasema, ni vizuri. Akafunga macho. Donc neno ya mwisho nilimwambia ni kitu sikujua. Miaka hii yote ninajiuliza kama nilimudanganya."

Hakukuwa na mtu wa kumtafsiria. Nilisimama tu kwenye mawe, nikasikiliza, machozi yananitoka na sikuyafuta. Papa aligeuka.

"Sema kweli. Ulikula?"

Asubuhi ile naikumbuka yote. Niliamka nimechelewa, nikapita jikoni mbio, sufuria ya uji iko juu ya jiko na sikufunua hata mfuniko. Simu ya hospitali iliponikuta ghalani, nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu mchana wa jana yake.

"Nilikula, papa," nilimwambia. "Nilikula uji, nikashiba."

Alinitazama usoni kwa muda, kama afisa anayelinganisha majibu. Kisha akashusha pumzi ndefu, akaniambia nisogee nyuma kidogo, akarusha ndoano majini.